Ufunguo wa Akiba Nilioutengeneza Mwenyewe

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, ofisi ya serikali inataka niwawekee njia ya kusoma meseji za watumiaji wa programu yangu. Wanasema ni kwa dharura tu. Nifanyeje?"

Hayo maneno "kwa dharura tu" niliwahi kuambiwa na mimi, nikayaamini.

Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kujiita mhandisi wa programu. Tulijengea taasisi moja programu ya kutumiana ujumbe, usimbaji fiche toka simu hadi simu, yaani meseji inafungwa kwenye simu ya mtumaji na kufunguliwa kwenye simu ya mpokeaji tu, seva (kompyuta inayoipitisha) yenyewe haioni kitu. Kazi safi, naisema bila aibu. Wiki mbili kabla ya kuizindua, bosi akaniita pembeni: wakubwa wanataka waweze kufungua mazungumzo ikibidi. Nilibisha. Nilibisha kidogo tu, maana mkataba ulikuwa mnono.

Basi nikatengeneza jozi ya funguo za taasisi, mmoja wa kufungia na mwingine wa siri wa kufungulia. Kila ujumbe ulikuwa na ufunguo wake mdogo. Nakala moja ya ufunguo huo mdogo ikawa inafungwa kwa ajili ya mpokeaji, nyingine kwa ajili ya "dharura". Ufunguo wa siri nikautia kwenye flashi, flashi kwenye bahasha, bahasha kwenye sefu. Juu nikaandika kwa kalamu nyekundu: USIFUNGUE BILA SAINI MBILI. Nikajiona mjanja.

Miezi saba baadaye meseji za dada mmoja wa uhasibu, alizomwandikia rafiki yake kuhusu ugonjwa wake, zikawa zinasomwa korido nzima. Nilikimbilia sefu. Bahasha ipo, gundi haijaguswa. Kumbe wakati wa majaribio fundi mmoja alinakili lile faili la ufunguo wa siri kwenye kompyuta yake, "isije flashi ikafa", na mwingine akajitumia kwa barua pepe. Hakuna mdukuzi aliyevunja chochote. Mlango ulikuwepo, na mimi ndiye niliyeutoboa.

Kwenye kikao walisema mfumo una kasoro, macho yote kwangu. Yule bosi aliyeniita pembeni alikuwa anaangalia simu yake. Sikuwa na hata mstari mmoja wa maandishi wa kuonyesha kwamba niliagizwa. Mkataba ukavunjwa. Bado inaniuma, sitadanganya.

Kwa hiyo mdogo wangu, ushauri wa kwanza: ombi la namna hiyo lidai kwa maandishi, lenye jina na sheria wanayoitegemea, kisha lipeleke kwa mwanasheria. Mengi hufia hapo.

Wa pili: usiwe na ufunguo. Usichokuwa nacho hakiibiwi kwako, wala huwezi kulazimishwa kukitoa.

Najua utaniambia yangu ilikuwa taasisi ndogo, serikali ina walinzi. Haya. Ugiriki, mwaka 2004 hadi 2005, watu wasiojulikana waliwasha uwezo wa kunasa simu uliokuwa tayari ndani ya mitambo ya kampuni ya simu, wakasikiliza watu zaidi ya 100, akiwemo Waziri Mkuu Kostas Karamanlis. Waliosikilizwa ndio serikali yenyewe! Na Marekani, ambako sheria ya mwaka 1994 inazitaka kampuni za simu ziwe na njia ya kunasa mawasiliano kwa amri ya mahakama, mwaka 2024 ikagundulika kwamba wadukuzi wanaohusishwa na China wamo ndani ya mitandao hiyo, hadi kwenye mifumo ya unasaji. Desemba ile maofisa wa usalama wa mtandao wa Marekani wakawashauri wananchi watumie meseji zenye usimbaji fiche. Nilicheka peke yangu, kicheko kichungu.

Sisemi polisi hawana kazi ya kufanya. Baada ya watu 14 kuuawa San Bernardino, Marekani, mwaka 2015, FBI, shirika la upelelezi la huko, ilienda mahakamani ikitaka Apple, watengenezaji wa iPhone, waandike programu ya kulegeza ulinzi wa simu ya muuaji mmoja. Apple ikagoma. Machi 2016 FBI ikaiondoa kesi, kwa kuwa ilipata njia nyingine ya kuifungua simu hiyo moja. Kufungua simu moja na kutoboa simu za watu wote ni kazi mbili tofauti kabisa, na anayezichanganya mbele yako ama hajui au anakuuzia kitu.

Wa tatu ni kwa nyie mnaotumia tu: angalieni nakala rudufu, yaani "backup" ya meseji zenu. Meseji inaweza kuwa imefungwa vizuri njiani, halafu nakala yake imelala wazi kwenye seva ya mtu. Ziwashieni ulinzi kamili leo, maana hata hiyo nafasi huondolewa. Februari 2025 Apple iliacha kutoa ulinzi huo wa juu wa iCloud, hifadhi yake ya mtandaoni, kwa watumiaji wa Uingereza, baada ya serikali kudai ipewe njia ya kuingia. Na nenosiri lake msimpe mtu. Narudia: usiwe na ufunguo wa mwenzio, na wako usiugawe. Watu wazima tunahitaji kuambiwa hili mara ngapi? Mtu anafunga geti kwa makufuli matatu halafu anamwachia mgeni ufunguo kwa sababu kavaa suti.

Hayo yote nilimwandikia yule kijana, marefu kuliko haya. Akajibu usiku: "Nimekuelewa kaka. Ila mkataba wenyewe ni mnono."

Sijamjibu bado.