Nizungushe usukani mara ngapi ili gari liingie kwenye nafasi finyu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina leseni tangu mwaka jana na naendesha Toyota IST, gia otomatiki. Ofisi yetu ipo Kariakoo, tunaegesha pembeni mwa barabara, magari yamebanana mbele na nyuma, na upande wa kushoto kuna mtaro ulio wazi. Nafuata video moja inayosema ulingane na gari la mbele, urudi, ukiliona bampa lake kwenye kona ya kioo cha nyuma uzungushe usukani mara moja na nusu kushoto, halafu mara moja na nusu kulia. Shule ya udereva nako walitufundisha hivyohivyo kwenye koni, na nilifaulu. Lakini nimeshakwaruza bampa la mbele upande wa kushoto mara mbili. Kwa IST ni mara ngapi? Au niweke kamera ya nyuma na sensa niachane na mahesabu haya?

JIBU: Marahaba, dada. Nianze na mkwaruzo wenyewe, maana umenieleza kila kitu bila kujua. Ulikuwa unarudi nyuma na kilichoumia ni pembe ya mbele kushoto. Hapo ulikata usukani kulia mapema, kabla pembe hiyo haijalipita gari la mbele. Ukirudi nyuma matairi yakiwa yameelekea kulia, mkia wa gari huenda kulia na pua hufagia kushoto. Pua yako ilikuwa bado ubavuni mwa gari la jirani, ikafagia, ikalikuta bampa lake. Ungechelewa kukata, tairi la nyuma la kushoto lingeishia mtaroni.

Sasa hiyo kamera unayotaka kununua ingekuonyesha nini? Nyuma, ambako huna tatizo. Gari linaumia mbele, na wewe utakuwa umekodolea macho kioo cha kwenye dashibodi.

Swali la "mara ngapi" naulizwa karibu kila wiki, na mara nyingi muulizaji ni mtu mwelewa kabisa aliyefundishwa vibaya. Hakuna idadi, iwe IST au gari jingine lolote, na anayekupa idadi hajui gari linavyogeuka, au anajua na hana muda wa kukufundisha.

Fikiria mwenyewe idadi hiyo inategemea nini. Magari mengi madogo, kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, usukani huzunguka kama mara tatu na kidogo, lakini hayafanani, na gari kubwa la mizigo ni habari nyingine kabisa. Mara moja na nusu ya gari la kwenye video huenda ni mwisho wa usukani, ya kwako ikawa bado kidogo. Kisha hiyo alama ya kioo: unaliona bampa la mwenzako mahali fulani kwa sababu ya urefu wako na ulivyoweka kiti. Sogeza kiti mbele vidole viwili, alama imehama. Mbele yako akiegesha mwenye Canter badala ya Vitz, alama haipo tena. Halafu kuna umbali wa ubavuni: aliyeanza nusu mita kutoka gari la jirani na aliyeanza mita moja na robo hawawezi kukata mahali pamoja. Mchoro mzima unabadilika, na video inakwambia mara moja na nusu!

Kitu ambacho ulipaswa kufundishwa siku ya kwanza ni hiki. Matairi ya nyuma ya gari lako hayakati kona, yanafuata tu. Kwa hiyo gari likigeuka, linazunguka kwenye nukta moja iliyo ubavuni mwake, usawa wa ekseli ya nyuma, yaani mhimili unaoshika matairi mawili ya nyuma. Ekseli ya nyuma ikiwa mahali sahihi, kugeuka kunakwenda vizuri. Ikiwa nusu mita mbele au nyuma ya pale, hata uzungushe usukani kwa ustadi gani utagonga au utabaki umejitokeza barabarani. Ndiyo maana tunaingia kinyumenyume. Watu huona aibu kurudi nyuma mbele za watu, wakaingiza pua kwanza, na matairi ya nyuma yanapita ndani zaidi ya yale ya mbele, kwa hiyo mkia haufiki kwenye kingo na ubavu unakwaruza gari la nyuma. Ukipita bandarini tazama folklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo: inakata kwa matairi ya nyuma, na ndiyo sababu inajigeuza kwenye uchochoro wa makontena. Gari lako likiwa kwenye gia ya nyuma, matairi yanayokata ndiyo yanayofuata nyuma ya mwendo, kama ya folklifti.

Kwa hiyo kwako fanya hivi. Simama sambamba na gari la mbele, uache nafasi ya kama nusu mita hadi sabini sentimita. Rudi moja kwa moja hadi bampa lako la nyuma lilingane na bampa lake la nyuma. Geuza kichwa uangalie kupitia dirisha la nyuma kushoto, usitegemee kioo cha katikati. Hapo kata kushoto hadi mwisho huku gari likitambaa, na wakati huohuo tupia jicho upande wa kulia, kwa sababu pua yako inajitokeza barabarani na bodaboda hazikusubiri. Usihesabu mizunguko. Angalia kioo cha pembeni kushoto mpaka uione kingo ya mtaro, na gari liwe limelala kama nusu ya pembe mraba kutoka barabarani. Kisha jiulize swali moja tu: pembe yangu ya mbele kushoto imeshalipita bampa la huyu? Kama bado, nyoosha usukani na uendelee kurudi kidogo. Ikishapita, kata kulia hadi mwisho. Swali hilo la pembe ndilo lililokosekana kwenye mikwaruzo yako yote miwili.

IST ni otomatiki, kwa hiyo kasi yote itoke kwenye breki. Legeza kidogo, gari litatambaa lenyewe. Mguu usiguse mafuta kabisa mahali pa tambarare, maana wengi waliokanyaga mafuta wakidhani ni breki walifanya hivyo wakiwa wanaegesha, wakiwa na haraka na watu wanawatazama. Na ukate usukani gari likiwa linatembea. Kuuzungusha gari limesimama kunasaga tairi mahali pamoja na kuibebesha stelingi mzigo bure.

Kabla ya yote hayo, pima nafasi. Hesabu ya jambo hili ipo. Mwaka 2009 mwanahisabati Simon Blackburn wa Royal Holloway, Chuo Kikuu cha London, alitoa kanuni ya kupata urefu wa nafasi inayotosha gari kuingia kwa mkupuo mmoja, akitumia uwezo wa gari kukata kona, umbali kati ya ekseli mbili, urefu wa pua, na upana wa gari la jirani. IST ya kwanza ina urefu wa mita 3.855 na kati ya ekseli ni mita 2.5. Ukiweka vipimo vya gari la aina hiyo kwenye kanuni, jibu linakaribia mita moja na nusu juu ya urefu wa gari. Yaani unahitaji nafasi ya mita tano na kitu ili uingie mara moja, na hapo ni dereva asiyekosea hata kidogo. Pakipungua, utaingia kwa kwenda mbele na nyuma mara kadhaa, na hilo halina aibu yoyote. Pakibaki nusu mita tu juu ya urefu wa gari, pita, tafuta pengine. Nani kakuambia kila pengo la Kariakoo ni lako?

Kuhusu sensa, nisikilize kwa makini kwa sababu ya huo mtaro. Sensa za bampa hutoa sauti ambazo sikio halisikii, zikasubiri mwangwi urudi. Mtaro ni shimo, haurudishi kitu. Itakaa kimya hadi tairi limezama. Chuma chembamba na mnyororo wa kuzuia magari nao mara nyingi hupita bila kugundulika. Kamera inaona kwa lenzi pana inayofanya vitu vionekane viko mbali kuliko vilivyo, na ile mistari ya rangi kwenye kamera nyingi za kufungwa dukani haikupimwa kwa gari lako, wala haipindi ukikata usukani. Kamera ina kazi yake, tena kubwa. Marekani ililazimisha magari mapya madogo yote yawe nayo kuanzia Mei 2018, na lengo lilikuwa watoto wanaogongwa nyuma ya magari yanaporudi. Ifunge kwa ajili hiyo, nitafurahi. Usiifunge ukidhani itakufundisha kuegesha.

Na vijana wa mtaani wanaopiga kofi kwenye buti wakisema "njoo, njoo, kata yote"? Anasimama nyuma na anaangalia nyuma. Ukigonga mbele, ameshahamia kwenye gari jingine na wewe ndiye unayezungumza na mwenye gari.

Lakini wanaonikera zaidi ni wenzangu wa shule za udereva. Mwanafunzi analipa ada, anapelekwa uwanjani kwenye koni zilezile, gari lilelile, na kipande cha selotepu kimebandikwa kwenye kioo cha nyuma: selotepu ikifika kwenye koni, kata. Anakariri kwa wiki mbili, anafaulu, anapewa gari lisilo na selotepu kwenye mtaa usio na koni. Huyo hajafundishwa kuegesha. Amefundishwa kufaulu, na shule inajua. Video nazo zimekuja kumalizia, kwa sababu "siri ya mizunguko miwili" inatazamwa kuliko mtu anayekuambia uende ukakae uwanjani asubuhi nzima. Wapo hata wanaouza njia hizo kwa madereva wa malori, na hapo sizungumzii tena mkwaruzo wa bampa. Lori linalorudi nyuma kwa kukariri sokoni linaweza kuua mtu.

Kujifunza kwenyewe si ghali. Tafuta kiwanja cha mchanga au vumbi Jumapili asubuhi, weka ndoo nne za plastiki kama pembe za magari mawili, na uegeshe. Kila baada ya jaribio shuka utazame alama za matairi. Utaona mistari ya nyuma imekata ndani ya ile ya mbele, utaona pua ilifagia wapi. Kisha mwombe mtu mwingine aendeshe na wewe usimame nje upande wa pembe ya mbele kushoto, uiangalie hiyo pembe tu. Halafu badilisha: sogeza kiti, anza mbali zaidi na ndoo, anza karibu, azima gari la ndugu. Ukiweza kuingia gari na umbali vikiwa vimebadilika, umejua.

Na mtu wa nyumbani kwako akitaka kuanza udereva, kabla hajalipa aiulize shule mambo mawili: watampa gari zaidi ya moja, na watampeleka kuegesha mtaani kati ya magari ya watu, mwalimu akiwa kiti cha pembeni? Wakimjibu kwamba koni zinatosha, atafute kwingine.