Kaya na leseni ya madini

Ndugu, umeuliza kama kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, ikishatangazwa urithi wa taifa, wachimbaji hawawezi tena kuigusa. Tangazo pekee halitoshi. Kilima cha Mrima, Kwale, pwani ya Kenya, kilikuwa tayari msitu wa hifadhi na urithi wa taifa, na bado leseni ya kuchimba niobiamu, aina ya metali, ilitolewa 2013. Serikali ikaifuta mwaka huohuo. Kampuni ilikwenda kudai fidia kwenye usuluhishi wa kimataifa ikashindwa 2018, maana leseni ilitolewa bila taratibu za mazingira kufuatwa. Hapo ndipo sheria ina meno. Tafuteni nakala ya Gazeti Rasmi la serikali lenye tangazo la kaya yenu, mkague mipaka: makaburi na njia za kuingilia zimo? Kisha wazee waandike pingamizi, wabaki na nakala yenye muhuri wa kupokewa. Baraza bila karatasi husahaulika.