Mgeni akisema "I feel funny"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mgumu, nabeba mizigo Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, na Kiingereza nakiokota hukohuko juu. Juzi mgeni mmoja, mama mtu mzima, alikaa nje ya kibanda pale Horombo akaniambia, "I feel funny." Nikacheka kwa nguvu ili nimfurahishe, kwani najua "funny" ni jambo la kuchekesha. Kiongozi wetu alinifokea mbele ya wenzangu wote. Kwani nilikosea nini? Na mtu akiniuliza kupanda mlima kukoje, ni sawa kusema "it is funny"?
Mgumu, Marangu

JIBU: Marahaba mwanangu. Kiongozi wako alikuwa na haki ya kukufokea, ila angekuita pembeni.

"Funny" ya kuchekesha unaijua. Kuna nyingine, ya kitu kisicho cha kawaida, kinachotia wasiwasi. Maziwa yakiwa na harufu "funny", yamwage. Gari likitoa mlio "funny", fundi amepata kazi. Pesa "funny" ni za bandia. Waingereza wenyewe neno hili huwatatiza, ndiyo maana huulizana: ni "funny ha-ha" au "funny peculiar", ya kucheka au ya kushangaza? Tusiwacheke, nasi tuna letu. Mama wa Kichagga akikwambia "huyu mtoto ana vituko", mtazame kwanza usoni ndipo ujue kama anamsifu au yuko njiani kutafuta fimbo.

Sasa yule mama. "I feel funny" maana yake mwili hauko sawa, lakini hajui aseme nini hasa kinamsumbua. Horombo iko kama mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na kwa mtu aliyelala Moshi mjini siku mbili tatu tu kabla, hapo ndipo mwinuko huanza kumshika. Tena wageni wengi, Waingereza hasa, ni watu wa kulalamika kwa sauti ndogo. Mtu anaumwa kweli, yeye anasema anajisikia "funny" kidogo, halafu anaomba radhi kwa kukusumbua!

Kwa hiyo ukilisikia neno hilo kule juu, usicheke. Muulize: "Does your head hurt?" Kisha: "Do you feel sick?" Hapo "sick" ni kichefuchefu, si ugonjwa kwa jumla. Majibu yoyote atakayokupa, mpelekee kiongozi palepale. Usingoje chakula cha jioni, na usimfiche eti kwa sababu mgeni anataka sana kufika kilele cha Uhuru. Ukiona anayumba kama mtu aliyetoka kilabu cha mbege, au anaongea maneno yasiyoshikana, hiyo ni hatari ya maisha. Dawa yake kubwa ni kuteremshwa, hata kama ni usiku.

Swali lako la pili ni jepesi. Raha ni "fun", siyo "funny". Sema "climbing is fun". Ukisema "climbing is funny", mgeni atataka kujua nani alianguka. Kosa hili si lako peke yako. Arusha nimewahi kuona kibao cha bustani ya sherehe kikiwaalika watu kwenye "funny weekend", na bustani ilijaa, basi labda mimi ndiye mgumu wa kuelewa. Hata hiyo "fun" haikuzaliwa na heshima. Zamani ilikuwa kumlaghai mtu, na Samuel Johnson katika kamusi yake ya mwaka 1755 aliiandika kuwa ni neno la kihuni.

Ukitaka kutia chumvi, sema "great fun". "Very funny" iache kwa vichekesho, na hata huko kuwa macho: mgeni akiitamka polepole huku amekunja uso, ujue utani wako haujampendeza. Mpe chai, mwanangu, na umwache apumzike.