Mwanangu, shamba usinunue kwanza

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na mara ya mwisho nilimsomea mamako akiwa anapepeta pojo. Unasema kodi unayolipa Nairobi kwa mwaka mmoja ingetosha kununua shamba huku Hola, watoto wakala maembe na samaki wa mto bila kuhesabu shilingi. Unauliza kama fundi wa pikipiki mwenye mke na watoto wawili anaweza kupata riziki Tana River, ama atarudi kukaa mwembeni na wazee.

Mamako alijibu palepale: "Aje." Mimi ndiye ninayekawia.

Kweli huku ni rahisi. Sensa ya 2019 ilitukuta watu 315,943 kwenye kaunti ya karibu kilomita za mraba 38,000, kwa hivyo nafasi si shida. Ila kitu kizuri kikikaa rahisi miaka yote na wenye pesa hawakikimbilii, uliza sababu. Ukiondoka mtoni, ardhi ni kavu, kisima ukichimba mara nyingi kinatoa maji ya chumvi, na pengine pote pameshikwa na miti ya miiba ya mathenge. Miti hiyo ililetwa mimi nikiwa kijana, eti watu wa skimu za umwagiliaji za Bura na Hola wasikose kuni. Kuni hatujakosa. Tumekosa njia za kupitishia ng'ombe.

Kando ya mto ndiko kwenye udongo, lakini huko kila kipande kina ukoo wake, na sehemu kubwa ni ardhi ya jamii isiyo na hati. Nimemwona mgeni mmoja akitoa karatasi yake ya mauziano, safi, ina mhuri na sahihi nne, na wenye shamba wakimtazama kwa huruma kama mtu aliyenunua kivuli. Halafu kuna wafugaji, ambao mifugo yao lazima ifike majini wakati wa kiangazi. Ukizungushia ua njia yao ya kwenda mtoni, umeanza neno ambalo hutalimaliza peke yako. Mwaka wa 2012, kule delta ya mto, neno kama hilo lilizika watu zaidi ya mia. Siku hizi maziwa ya chai yetu yanatoka kwa jirani Muorma, mmoja wa wafugaji hao, na nataka yaendelee kutoka.

Hata hivyo wewe huna haja ya kununua. Miembe ya babu yako iko palepale. Lakini hesabu yako ya maembe umeifanya kama mtu wa sokoni Nairobi. Msimu ukikolea, dalali anakuja na lori, anatazama barabara, anatazama mawingu, anakwambia shilingi nne kwa embe. Ukikataa, yataoza chini ya mti, maana kila mtu kijijini anavuna wiki hiyohiyo. Embe ngowe ileile unaiona huko kwa bei gani? Tofauti hiyo imelala kati ya Hola na Malindi, karibu kilomita 200, na si mkulima anayeila.

Mto nao una akili zake. Skimu ya Hola ilianzwa 1953 kwa jasho la mahabusu wa Mau Mau, na mwaka wa 1989 mto ukahama, ukaiacha mitaro mikavu. Watu walikaa miaka wakingoja maji kwenye mashamba yaliyopimwa vizuri kabisa. Na maji yakija, yanakuja yote: 1997, 2018, 2023, tena 2024. Mvua ikinyesha milimani na bwawa la Masinga huko juu likafurika, sisi huku chini tunabeba magodoro juani, bila tone la mvua. Ile 2024 tulilala kwenye turubai mpaka mamako akazoea. Nyumba ukijenga, jenga juu, hata kama utatembea kuchota maji.

Chakula hutakosa. Pesa taslimu ndiyo ngumu. Ada, dawa, nauli ya kumpeleka mgonjwa Malindi, vyote vinataka pesa, na pesa hapa iko kwa wenye mishahara, wenye maduka na wenye lori. Kijana anayerudi kuwa mkulima wa nane katika ukoo wetu atakula, basi.

Lakini nikusimulie pampu yangu. Mwezi wa Januari tikiti zangu zilikuwa ukubwa wa ngumi, pampu ikaanza kukohoa. Inapiga, inanyonya kidogo, inaacha, maji yanavuja pale kwenye shafti. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini, akakaa nayo siku tisa, akairudisha na sili kuukuu aliyoitoa kwenye pampu nyingine. Ilifanya kazi asubuhi moja. Nikatafuta gari la kuipeleka Malindi. Iliporudi, tikiti zilikuwa zimekunjamana kama uso wangu.

Jioni ile nilitembea ukingoni nikihesabu. Kutoka kwetu mpaka kwenye kona ya mkuyu kuna pampu kumi na moja za petroli. Nne zilikuwa zimefunikwa magunia, mbovu. Hiyo ni ng'ambo moja, mwendo wa nusu saa. Wenye nazo wana pesa za kutengeneza, kwa sababu pampu ikifa shamba linakufa. Ongeza bodaboda zote za Hola. Wewe ulikuwa unafungua kabureta ukiwa darasa la sita, ukampandisha mamako presha.

Kwa hivyo nikuulize na mimi: mkeo umemwambia? Joto la huku si la kusimuliwa, na mbu wa baada ya mafuriko wanauma juu ya shuka. Yeye amezaliwa kwenye mvua za Kakamega. Usimlete na mizigo yote kabla hajapaona.

Njoo Agosti, peke yako, mwezi mmoja. Aprili barabara huwa inakatika. Lala chumba cha nje, fungua kazi chini ya mwembe mkubwa, tuone watakaokuja na watakaolipa. Beba sili kumi za pampu ya inchi tatu na ringi za pistoni, maana hapa sili moja inauzwa bei ya kuku. Yangu imeanza tena kuvuja.

Babako