Kwa nini mpishi na si "mpiki"

Ndugu uliyeuliza kwa nini "pika" inazaa "mpishi" badala ya "mpiki": chanzo ni ile -i ya mwisho. Hiyo huilainisha konsonanti inayoitangulia. K inakuwa sh (andika, mwandishi), t inakuwa s (fuata, mfuasi), nd inakuwa nz (linda, mlinzi), w inakuwa v (lewa, mlevi). Si kila kitenzi kinatii, maana "shinda" imetoa "mshindi" bila kubadilika. Hapo ni kukariri tu.

Kiambishi -aji, ambacho nacho hutaja mtendaji kama ile -i, chenyewe hakigusi konsonanti: winda, mwindaji. Ila kitenzi kimoja kikichukua -aji na -i, maana inaweza kuhama. Msomaji ni yeyote anayesoma, hata kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi. Msomi ni mtu mwenye elimu yake.