Maswali na majibu: maelezo ya kikasha yakae wapi?

Maswali ya safari hii yametoka kwa watengenezaji wa programu za barua pepe na ujumbe. Karibu yote yana ugonjwa mmoja: maelezo yameandikwa, lakini yamewekwa mahali ambapo mwenye shida hafiki.

Programu yetu hufuta barua taka baada ya siku 30. Tumeeleza hivyo kwenye ukurasa wa Msaada, lakini bado wateja wanalalamika kwamba barua zao zimepotea. (Mwanza)

Litoeni onyo huko Msaada mlilete ndani ya folda yenyewe. Mtu haendi Msaada kutafuta onyo asilojua kama lipo. Huenda barua ikishapotea.

Tazameni Gmail. Ukifungua folda ya barua taka, juu ya orodha pana mstari unaosema kwamba ujumbe uliokaa humo zaidi ya siku 30 utafutwa, na papo hapo pana kiungo cha kufuta zote. Onyo linasomwa wakati barua bado ipo na inaweza kuokolewa.

Nanyi wekeni mstari kama huo juu ya barua ya kwanza, bila alama ya kuufunga, kwa sababu atakayeufunga leo hataukumbuka mwezi ujao. Kisha pale tarehe inapokaa, kwenye kila barua, andikeni siku zilizobaki. "Itafutwa baada ya siku 4" humsaidia mtu kuliko tarehe ya kupokelewa. Dirisha la kuibuka msilitumie kabisa. Watu wamezoea kulifunga kabla hawajasoma neno la pili.

Kuna jambo hamkuuliza, nalo ni zito zaidi. Barua ya aina hii ikifunguliwa, sababu ya kuwekwa humo ikae kati ya jina la mtumaji na maneno ya barua, pamoja na kitufe cha "Si barua taka". Nimeona programu zinazoiweka chini kabisa. Msomaji anafika huko akiwa ameshapita kiungo cha tapeli, na pengine ameshakibonyeza.

Tunaweza kuweka alama ndogo ya kuuliza, ili mtu akiipitishia kipanya maelezo yajitokeze? (Nairobi)

Hapana. Simu haina kipanya. Swali hili linarudi kila mara, na kila mara linatoka kwa mtu anayejaribu programu yake kwenye kompyuta ya mezani tu.

Ndani ya kisanduku cha "Kwa" tumeandika kwa kijivu: "Tenganisha anwani kwa mkato". Mbona watu hawafuati? (Dodoma)

Kwa sababu maneno hayo hutoweka mtu akiandika herufi ya kwanza tu. Anapomaliza anwani ya kwanza na kutaka kujua afanye nini, hayapo tena.

Yatoeni ndani ya kisanduku myaweke kati ya lebo na kisanduku. Msiyaweke chini yake, maana kwenye simu huko chini hushuka orodha ya anwani zinazopendekezwa, kisha kibodi hufunika kilichobaki. Mfumo wa usanifu wa GOV.UK, unaotumiwa na tovuti za serikali ya Uingereza, hufuata mpangilio huu: lebo, maelezo, ujumbe wa kosa kama upo, kisha kisanduku. Kwenye msimbo, yapeni maelezo kitambulisho chake na myaunganishe na kisanduku kwa aria-describedby, sifa ya HTML inayosema maelezo ni ya kisanduku kipi. La sivyo, asiyeona atasikia kisoma skrini, yaani programu inayomsomea skrini kwa sauti, kikitaja "Kwa" na kupita.

Hicho kijivu nacho kikaguliwe. Rangi #999999 juu ya nyeupe ina utofautishaji (tofauti ya mwanga kati ya maandishi na rangi ya nyuma) wa takriban 2.85 kwa 1, wakati WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kurasa zinazotumika na watu wenye ulemavu, inataka usipungue 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. #767676 inafikia 4.54, basi msishuke chini ya hapo. Kumbukeni mtu anayesoma kituoni saa saba mchana, jua likipiga kwenye kioo.

Na kwa nini mkato uwe lazima? Programu ikipokea mkato, nukta mkato na kitufe cha kuingiza (Enter), mtayafuta maelezo yote hayo.

Kikasha kikiwa tupu tuandike nini? (Kampala)

Inategemea kwa nini ni tupu. Kama mtandao umekatika, "Huna ujumbe" ni uongo. Andikeni "Hatujaweza kupakia ujumbe" na kitufe cha "Jaribu tena". Kama kuna ujumbe uliohifadhiwa kwenye simu, uonyesheni, na juu yake muandike saa ya usasishaji wa mwisho. Kama mtu amechuja, kitajeni kichujio na kitufe cha kukiondoa kiwe hapo hapo. Akaunti mpya inatosheka na sentensi moja: "Ujumbe wako utaonekana hapa."

Kiambatisho kikizidi kipimo, tunaandika kosa kwa rangi nyekundu juu ya ukurasa. Inatosha? (Mombasa)

Haitoshi. Aliyeambatisha yuko chini ya barua ndefu, hauoni huo wekundu, na kwa asiyetofautisha rangi wekundu peke yake hausemi kitu. Kosa likae kwenye mstari wa faili husika, litaje jina, ukubwa na kipimo: "ripoti.pdf ni MB 31. Mwisho ni MB 25. Tuma kiungo badala yake." Kipimo chenyewe kionekane kando ya kitufe cha kuambatisha, kabla mtu hajamaliza bando lake kupakia faili litakalokataliwa.

Mkague pia kama kipimo mnachotangaza ni cha kweli. Barua pepe husimba viambatisho, yaani huvigeuza kuwa maandishi ili visafiri, na ukubwa huongezeka kwa karibu theluthi moja. Faili la MB 20 linasafiri likiwa karibu MB 27. Kama seva yenu inakataa kwenye MB 25 baada ya kusimba, msimwahidi mtumiaji MB 25.

Kitufe cha "Tendua" baada ya kutuma kikae sekunde ngapi? (Zanzibar)

Gmail humpa mtu achague 5, 10, 20 au 30. Anzeni na 10. Kikae chini, juu ya vitufe vya menyu, na maneno yake yawe ndani ya sehemu yenye alama ya HTML role="status" ili kisoma skrini kiyatangaze. Lakini rekebisheni maneno kwanza. Katika sekunde hizo barua bado imezuiwa kwenye seva yenu, kwa hiyo andikeni "Inatumwa". "Imetumwa" ije muda ukiisha, na hapo "Tendua" iondoke, kwa sababu barua ikishafika kwa mpokeaji hamwezi tena kuirudisha.