Bima imelipa, wakili hashiki simu

Barua za mwezi huu karibu zote ni za mawakili. Wengine wanamtafuta wa kumwajiri, wengine wanamtafuta yule waliyemlipa. Nimejibu nilizoweza.

"Habari. Nataka wakili wa bei nafuu, nitumie namba." (Wengi, kuanzia Nakuru hadi Busia)

Wakili wa nini? Shamba? Talaka? Mshahara? Ukiingia duka la dawa ukasema tu "nipe dawa", utapewa ipi? Swali hili nalipata kila wiki, na kila wiki mwenye kuliuliza hataji hata kesi yenyewe. Namba za mawakili sigawi. Yule wakili aliyeniomba nimtaje hapa kwa "asante kidogo" ajue jibu lake ni hilohilo.

Asiye na uwezo ana pa kuanzia. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, na wana ofisi Kisumu na Nakuru. Nenda na kitambulisho na karatasi zote, hata zile ambazo hukuzielewa. Mama mwenye shida ya matunzo ya watoto, kipigo nyumbani au urithi alionyimwa na shemeji zake, FIDA, chama cha mawakili wanawake, wako Kisumu. Kwa matunzo ya watoto, pitia kwanza kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako, maana wazazi wengi huandikiana makubaliano palepale bila kuona korti. Mwajiri akikudhulumu, nenda kwa afisa wa leba. Lakini usikae ukisubiri huruma ya bosi: madai ya kazi yana miaka 3 tu, kisha mlango unafungwa.

"Nauzia hoteli moja samaki. Wamefikisha deni la 86,000 na hawalipi. Wakili anataka 40,000 ya kuanzia. Hii ni haki?" (Mama Samaki, Dunga)

Mama, kwa deni hilo huhitaji wakili kabisa. Kuna Mahakama ya Madai Madogo, Kisumu ipo na Nakuru ipo, na inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Unajisimamia mwenyewe, au unamtuma mtu wa kukuwakilisha mahakama ikimkubali, na unajieleza kwa Kiswahili chako cha kawaida. Kuuza bidhaa usilipwe ndiyo kesi hasa iliyowekewa mahakama hii. Mgogoro wa hati ya shamba, kashfa na mambo ya kazi usiwapelekee, watakurudisha.

Sasa niambie, una nini mkononi? Hapa ndipo wafanyabiashara wetu wanaponiudhi. Mtu anapeleka samaki mwaka mzima kwa mdomo, hana hata kijitabu kilichosainiwa jikoni. Kusanya ujumbe wa M-Pesa wa yale malipo machache waliyotoa, jumbe za WhatsApp za "mama tuletee kilo 20", na jina la anayepokea mzigo. Andika barua ya madai, wape siku 14, mwambie mpokeaji asaini nakala yako. Wakinyamaza, nenda masjala ya mahakama ufungue kesi. Ada lipa kwa njia rasmi ya serikali upate risiti. Ukitajiwa namba ya simu ya mtu binafsi, ondoka.

Na ujue kushinda siyo kulipwa. Mwenye hoteli akikaidi hukumu, utaomba amri ya kukamata mali yake, na dalali wa mahakama naye ana gharama zake. Kabla hujaanza, chunguza kama hoteli ina chochote cha kukamatwa zaidi ya viti vya plastiki.

"Kesi yangu ya shamba tumeshindwa. Naweza kumshtaki wakili?" (Msomaji, Molo)

Kushindwa si kosa la wakili. Kutofika kortini siku ya kesi ndilo kosa.

"Niligongwa na matatu karibu na Ahero. Nikiwa wodini jamaa mmoja aliniletea karatasi za wakili nikasaini. Kesi iliisha, nasikia bima ililipa kitambo. Wakili hashiki simu na ofisi imehama." (Kijana, Kondele)

Pole, ndugu. Nimesoma barua yako nikaiweka pamoja na nyingine nne zinazofanana nayo kwa kila kitu isipokuwa jina la barabara. Huyo wa wodini ni broker. Analipwa kwa kila mgonjwa anayemleta, na kazi yake huishia kwenye sahihi yako. Wenye jamaa waliolazwa, wambieni wasisaini chochote wakiwa na dripu mkononi. Madai ya ajali yana miaka 3, kwa hiyo mwenye kukuambia "leo ama ukose" anakudanganya.

Usianze kwa kwenda kuzozana na makarani wa wakili. Anza na ukweli wa kesi. Kwa namba ya kesi, masjala watakuonyesha hukumu au makubaliano yaliyorekodiwa, na kiasi. Kisha iandikie kampuni ya bima, uulize kwa maandishi walilipa lini, kiasi gani, kwa nani. Jikumbushe pia kama uliwahi kusainishwa karatasi ya kukubali malipo.

Ukijua pesa ilitoka, mwandikie wakili barua ukitaka hesabu kamili. Pesa ya mteja inatakiwa kukaa kwenye akaunti ya wateja, mbali na pesa yake ya mafuta ya gari. Asipojibu, peleka malalamiko kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, iliyo chini ya Mwanasheria Mkuu. Hakuna malipo. Ambatisha nakala, baki na karatasi zenyewe. Mambo mazito hufika kwa Mahakama ya Nidhamu ya mawakili, ambayo inaweza kumsimamisha hadi miaka 5, kumfuta kwenye orodha, au kuamuru akulipe. Na kula pesa ya mteja ni jinai, kwa hiyo polisi nao wana kazi hapo.

Jambo moja watu husahau: malalamiko hayasimamishi kesi. Kama una kesi nyingine inayoendelea kwa wakili huyohuyo, tafuta mwingine leo.

"Wakili wangu anasema nisilipe kitu, tukishinda tugawane nusu kwa nusu. Ni sawa?" (Mzee, Kakamega)

Si sawa, mzee wangu. Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, inabatilisha mapatano ya wakili kulipwa tu kesi ikishinda. Najua yanafanywa kila siku. Sheria hiyohiyo inamkataza wakili kutoza chini ya viwango vilivyowekwa, kwa hiyo msiende kupigia mawakili bei kama ya mtumba. Ombeni kulipa kidogokidogo, na mapatano yaandikwe.

"Nitajuaje kama ni wakili wa kweli?" (Msomaji, Lanet)

Tafuta jina lake kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili Kenya, uone kama ana leseni ya mwaka huu. Suti na bahasha ya kaki si leseni.

"Nataka kubadilisha wakili, lakini amekataa na faili mpaka nimlipe." (Mwalimu, Bungoma)

Kama una deni la kweli, anaruhusiwa kuishikilia. Kama bili imezidi, mahakama ina msajili wa kuikadiria, na wengi wenu mngeshangaa inavyopungua. Kubadilisha wakili ni haki yako: kabla ya hukumu inatosha kuwasilisha notisi, ila baada ya hukumu inahitajika ruhusa ya mahakama au makubaliano ya maandishi kati ya wakili mpya na wa zamani. Nakala za karatasi ungekuwa nazo tangu mwanzo, mwalimu, na wewe ndiye unayewafundisha watoto kutunza daftari.

"Kaka yangu ameshtakiwa mauaji. Mtu anatuitisha 30,000 ili apewe wakili wa serikali." (Dada, Naivasha)

Msimpe hata shilingi. Katika kesi ya mauaji, mshtakiwa asiye na wakili hupangiwa mmoja na Mahakama Kuu, na serikali ndiyo inamlipa. Kaka yako akifikishwa mbele ya jaji aseme wazi kwamba hana wakili wala uwezo wa kumlipa. Ninyi mtafuteni huyo wakili mara tu atakapoteuliwa, mkampe majina ya mashahidi kabla hawajahama mtaa. Na huyo wa 30,000, hifadhini jumbe zake zote mkaripoti.